Barbara McClintock na Punje ya Madoadoa: Maisha ya Mtafiti na Mafunzo Yake kwa Mwalimu

Mwalimu wa shule ya msingi anapofundisha sayansi, aghalabu huwapa wanafunzi wake majibu yaliyokwisha kupatikana. Huwaambia kwamba mmea una mizizi, shina na majani. Kwamba mtoto hurithi sura ya wazazi wake. Kwamba mwili umejengwa kwa seli. Ni mara chache apatapo nafasi ya kueleza jibu lilipatikanaje, nani alilitafuta, alilitafuta kwa miaka mingapi, na wenzake walimpokeaje alipolileta. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huiona sayansi kama kitabu kilichoandikwa zamani na kufungwa, na kazi yake yeye ni kukariri tu.

Njia moja ya kuondoa dhana hiyo ni kusimulia maisha ya mtafiti. Makala haya yanasimulia maisha ya Barbara McClintock, mwanamke wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1992 baada ya kuuchunguza mmea mmoja kwa zaidi ya nusu karne. Mmea huo ni muhindi. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, zana yake kuu ya utafiti inapatikana karibu katika kila kijiji chetu, wala haihitaji fedha nyingi kuifikisha darasani. Pili, katika maisha yake mna tukio ambalo kila anayejiandaa kuwa mwalimu yampasa alitafakari: mwaka wa 1951 alisimama mbele ya wataalamu wenzake akawaeleza jambo kubwa na la kweli, na jambo lile halikuwafikia.

Utoto na masomo

Barbara McClintock alizaliwa tarehe 16 Juni 1902 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne. Wazazi wake walimpa kwanza jina la Eleanor. Lakini punde si punde wakaona kwamba jina hilo lilikuwa la upole mno kwa mtoto mwenye tabia kama yake, wakamwita Barbara. Baba yake alikuwa daktari ambaye mapato yake hayakuwa makubwa, na kwa ajili hiyo binti huyu alilelewa kwa muda na jamaa wa familia kabla ya kufikia umri wa kwenda shule. Mwaka wa 1908 familia ilihamia Brooklyn, katika jiji la New York. Tangu utotoni alipenda kukaa peke yake na kufikiri, na wazazi wake hawakumlazimisha kuwa mtoto wa namna nyingine.

Alimaliza shule ya sekondari mwaka wa 1919. Mama yake hakutaka aendelee na masomo ya juu, kwa kuhofia kwamba msichana mwenye elimu nyingi hangepata mume. Baba yake, aliyekuwa amerejea kutoka katika utumishi wa kijeshi ng'ambo, alikuwa na maoni tofauti, na mwaka huo huo binti akajiunga na Chuo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Cornell, katika jimbo la New York.

Mwaka wa 1921 alihudhuria mafunzo ya kwanza ya elimu ya urithi. Wakati ule elimu hii ilikuwa changa, na wanafunzi wengi waliiona kuwa haina manufaa makubwa. Mwalimu wake, C. B. Hutchison, alitambua kwamba msichana huyu aliuliza maswali kuliko wengine. Mafunzo yalipokwisha alimpigia simu, akamwalika ajiunge na darasa la wanafunzi wa shahada za juu, ingawa alikuwa bado hajapata shahada ya kwanza. Baadaye McClintock mwenyewe aliihesabu simu hiyo kuwa ndiyo iliyoamua mwelekeo wa maisha yake. Mwalimu mwanafunzi na asimame kidogo hapa. Hutchison hakugundua jeni yoyote iliyompatia sifa duniani; alichofanya ni kumtambua mwanafunzi mwenye udadisi na kumfungulia mlango kwa wakati wake.

McClintock alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1923, ya pili mwaka wa 1925, na ya udaktari wa falsafa mwaka wa 1927, akiwa na umri wa miaka 25.

Hadubini na shamba

Ndani ya kila seli ya muhindi mna jozi kumi za nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Kabla ya McClintock, wataalamu hawakuwa na njia nzuri ya kuzitofautisha nyuzi hizo moja na nyingine. Yeye aliboresha namna ya kuzitia rangi na kuzitandaza juu ya kioo, kisha akazitazama kwa hadubini mpaka akaifahamu kila moja kwa urefu wake, umbo lake na vinundu vyake. Kufikia mwaka wa 1929 alikuwa amekwisha kuzieleza zote kumi.

Mwaka wa 1931 yeye na mwanafunzi wa shahada za juu aliyemfuata katika masomo, Harriet Creighton, walitoa uthibitisho mkubwa. Wataalamu walikuwa wakiamini kwamba kromosomu mbili za jozi moja hubadilishana vipande wakati mbegu za uzazi zinapotengenezwa, na kwamba ndiyo sababu tabia za wazazi huchanganyika kwa namna mpya katika watoto. Waliamini hivyo kwa kukisia kutokana na hesabu za vizazi. McClintock na Creighton walitafuta muhindi uliokuwa na kromosomu yenye alama inayoonekana katika kila ncha. Alama zilipobadilisha mahali, tabia za punje nazo zilibadilika pamoja nazo. Jambo lililokuwa la kukisia likawa la kuonekana kwa macho.

Yafaa kueleza kwamba kazi hii haikufanyika katika maabara peke yake. Mtafiti wa mihindi hupanda mbegu mwenyewe, hupalilia, na huamka mapema kuufunika kila mmea kwa mfuko ili chavua ya mmea mwingine isiingie. Kila uzi laini unaochomoza kwenye ncha ya hindi hupokea chavua yake na kuzaa punje yake moja. Kwa hiyo kila punje katika hindi moja ni mtoto wa peke yake, na hindi lenye punje mia nne ni sawa na familia ya watoto mia nne waliopangwa mistari wakisubiri kuhesabiwa. McClintock aliijua mimea yake mmoja mmoja tangu ilipochipua, na wenzake walishangazwa na uwezo wake wa kuliangalia jani na kutabiri atakachokiona chini ya hadubini.

Pamoja na sifa hizo, hakupata kazi ya kudumu kwa urahisi. Vyuo vikuu vingi vya Marekani wakati ule havikuwapa wanawake nafasi za kufundisha sayansi. Aliishi kwa misaada ya utafiti ya muda mfupi. Mwaka wa 1933 alikwenda Ujerumani, lakini utawala wa Wanazi ulikuwa umekwisha kushika nchi, akarejea nyumbani mwaka uliofuata kabla ya muda wake kwisha. Mwaka wa 1936 alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Missouri. Baada ya miaka mitano akaona kwamba huko hakukuwa na tumaini la kupanda cheo, akaondoka. Mwishoni mwa mwaka wa 1941 alipata nafasi katika kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, kilichoko kwenye pwani ya kisiwa cha Long Island karibu na New York. Hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka wa 1944 alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Taifa cha Wanasayansi cha Marekani, akiwa mwanamke wa tatu kupata heshima hiyo. Mwaka wa 1945 akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza Chama cha Elimu ya Urithi cha nchi hiyo. Mambo haya yakumbukwe, kwa maana yanaonyesha kwamba alipokuja kutoeleweka hakuwa mtu asiyejulikana.

Siri ya madoadoa

Katikati ya miaka ya 1940 McClintock alipanda mihindi ambayo kromosomu yake ya tisa ilikuwa na tabia ya kuvunjika. Miche ilipoota, aliona katika majani michirizi ya rangi tofauti. Hilo halikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba mahali fulani katika jani palikuwa na vipande viwili vilivyopakana: kimoja kilikuwa na michirizi mingi kuliko jani lingine lote, na jirani yake kilikuwa na michache. Vipande hivyo vilitokana na seli mbili zilizozaliwa pamoja kutoka seli moja. McClintock akafikiri hivi: seli moja imepata kitu ambacho pacha wake amekipoteza. Ni kitu gani hicho?

Aliifuata alama hiyo kwa miaka sita. Aligundua kwamba katika kromosomu ya tisa palikuwa na kipande alichokipa jina lenye maana ya mtengano, ambacho huandikwa kwa kifupi Ds. Kipande hicho hakikufanya lolote mpaka kingine, kilichoitwa Ac kwa maana ya kiamshi, kiwemo katika seli hiyo hiyo. Kisha, mwaka wa 1948, akatambua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: vipande hivi viliweza kuhama kutoka mahali pamoja katika kromosomu na kuingia mahali pengine.

Tueleze kwa mfano wa kitabu. Tuseme kwamba jeni ya rangi ni ukurasa wenye maagizo ya kutengeneza rangi ya zambarau katika punje. Kipande cha Ds ni karatasi iliyochomekwa katikati ya ukurasa huo, ikayakata maagizo yasisomeke. Punje huanza kukua bila rangi. Lakini Ac akiwapo, karatasi ile huchomolewa katika baadhi ya seli. Mahali ilipochomolewa maagizo husomeka tena, na seli hiyo pamoja na seli zote zitakazozaliwa nayo hupata rangi. Hilo ndilo doa. Karatasi ikichomolewa mapema, wakati punje ingali changa, seli zitakazorithi rangi huwa nyingi na doa huwa kubwa. Ikichomolewa wakati punje inakaribia kukomaa, doa huwa dogo kama ncha ya kalamu. McClintock alionyesha pia kwamba idadi ya Ac iliyomo katika punje hubadilisha wakati wa kuhama: Ac zikizidi, kuhama huchelewa na madoa huwa madogo. Kwa hiyo yeye aliweza kuitazama punje moja na kuisoma historia ya seli zake kama tusomavyo daftari la mahudhurio.

Kuhama huko peke yake kulitosha kumpatia sifa. Lakini McClintock alikuwa na swali kubwa zaidi. Kila seli ya muhindi ina jeni zile zile, iwe ya mzizi, ya jani au ya punje. Ikiwa maagizo ni yale yale, kwa nini mzizi hauwi jani? Hapana budi kwamba baadhi ya jeni hufunguliwa hapa na kufungwa pale, kwa wakati wake na kwa kiasi chake. Vipande vyake vilionekana kufanya kazi ya namna hiyo hiyo, akaviita vidhibiti. Kwa maneno mengine, katika urithi hamna maagizo tu. Mna pia kitu kinachoamua ni agizo lipi lisomwe, wapi na lini.

Mkutano wa 1951

Mwaka wa 1950 alichapisha taarifa fupi, na katika majira ya joto ya mwaka wa 1951 alitoa mhadhara katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Cold Spring Harbor. Wengi waliomsikiliza hawakumfuata. Maswali yalikuwa machache. Mwaka wa 1953 alichapisha makala nyingine yenye ushahidi zaidi. Ni watu wachache mno walioomba nakala. Tangu hapo akaacha kuyachapisha matokeo yake kwa urefu katika majarida makubwa, akawa anaandika taarifa za kila mwaka za taasisi iliyomwajiri. Hakuacha kazi yenyewe. Kila msimu alipanda, akachavusha, akavuna na kuhesabu.

Kwa nini hakueleweka? Mwalimu ayapime mambo haya manne. La kwanza, wakati ule jeni zilidhaniwa kuwa zimetulia mahali pake kama shanga zilizotungwa katika uzi. Anayesema kwamba shanga zinahama alikuwa anakwenda kinyume cha ramani iliyochorwa kwa jasho la wengi, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wachoraji. La pili, wengi walioyakubali matokeo yake waliyaona kuwa ni kioja cha mihindi, kisichohusu viumbe vingine. La tatu, wazo lake kuhusu vidhibiti lilikwenda mbali kuliko ushahidi aliokuwa nao. Alidhani kwamba kuhama kwa vipande ndiko kunakoongoza ukuaji wa kawaida wa kiumbe, na jambo hilo halikuthibitika kwa namna alivyolieleza. Swali lake lilikuwa sahihi. Sehemu ya jibu lake ilihitaji marekebisho.

La nne latuhusu sisi hasa. Mhadhara wake ulikuwa mgumu kupita kiasi. Alikuwa ameishi na mihindi yake kwa miaka sita, na alama alizozitumia zilikuwa kwake kama majina ya watoto wa nyumbani. Wasikilizaji walizikutana kwa mara ya kwanza, nyingi kwa pamoja, pasipo ngazi ya kuwapandisha kutoka wanachokijua hadi wasichokijua. Mtu anaweza kuwa na ukweli mkononi na bado akashindwa kuukabidhi. Hili si kosa la mtoaji peke yake, kwa maana msikilizaji naye ana wajibu wa kuuliza. Lakini katika darasa la shule ya msingi msikilizaji ni mtoto, na wajibu wa kujenga ngazi ni wa mwalimu.

Ukweli watambuliwa

Kuanzia mwaka wa 1957 McClintock alichunguza pia aina za mahindi ya Amerika ya Kati na Kusini, akifuatilia jinsi wakulima wa zamani walivyozisambaza. Mwaka wa 1961 wataalamu wawili wa Ufaransa, François Jacob na Jacques Monod, walionyesha kwamba bakteria wana mfumo wa kufungua na kufunga jeni. McClintock alifurahi, na mwaka huo huo akaandika makala ya kulinganisha mfumo huo na vidhibiti vya mihindi. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, vipande vinavyohama vikaanza kuonekana katika bakteria, halafu katika nzi wa matunda na viumbe wengine wengi. Kioja cha mihindi kikawa kanuni ya viumbe.

Heshima zikafuata. Mwaka wa 1970 alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Mwaka wa 1983 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, peke yake bila kushirikiana na mtu, akiwa na umri wa miaka 81. Habari hizo alizisikia katika redio. Zilikuwa zimepita takriban miaka 35 tangu alipotambua kwamba vipande vinahama. Alifariki tarehe 2 Septemba 1992, akiwa na umri wa miaka 90. Hakuolewa.

Yaliyogunduliwa baada yake

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, jibu jingine la swali lake la udhibiti lilianza kuonekana, kutoka upande ambao hakuutazamia. Ili kulieleza, yafaa tujue kwanza kazi ya RNA. Maagizo ya urithi yameandikwa katika DNA, iliyomo ndani ya kromosomu. Agizo linapohitajika, nakala yake hutolewa kwa RNA, na nakala hiyo hupelekwa mahali pa kutengenezea protini. Kwa miaka mingi RNA ilifahamika zaidi kama tarishi na msaidizi wa kazi hiyo.

Mwaka wa 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walieleza RNA fupi sana ndani ya mnyoo mdogo wenye urefu wa milimita moja. RNA hiyo haikubeba agizo la protini yoyote. Kazi yake ilikuwa kujishikiza kwenye nakala ya jeni nyingine na kuizuia isitumike, ili mnyoo utoke katika hatua moja ya ukuaji na kuingia nyingine. Mara ya kwanza jambo hili nalo lilidhaniwa kuwa la mnyoo peke yake. Mwaka wa 2000 RNA nyingine ya aina hiyo, iitwayo let-7, ikaonekana katika wanyama wengi pamoja na binadamu. Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2024.

Leo twajua kwamba RNA zisizobeba maagizo ya protini ni nyingi, nazo husaidia kuamua jeni ipi isomwe. Seli shina ni zile ambazo bado hazijachagua kazi, na zinaweza kuzaa seli za aina mbalimbali. Katika seli hizo let-7 iliyokamilika ni kidogo. Seli inapoanza kukomaa na kushika kazi maalumu, let-7 huongezeka na kufunga jeni za utoto. Katika saratani nyingi za mapafu let-7 imepungua, na jeni zinazochochea seli kugawanyika, ambazo ilikuwa ikizizuia, hupata nguvu. RNA nyingine za namna hii hufanya kinyume: zikizidi, saratani hukua. Saratani kwa sehemu ni ugonjwa wa udhibiti: maagizo ya kukua husomwa mahali na wakati yasipotakiwa.

Vipande vinavyohama navyo havikusahauliwa. Katika muhindi, zaidi ya sehemu 80 katika kila 100 za DNA zimetokana na vipande hivyo. Katika binadamu ni karibu nusu, ilhali maagizo ya protini hayafiki sehemu 2 katika 100. Vingi vya binadamu haviwezi tena kuhama, lakini vichache vingali na uwezo huo. Katika mwaka ule ule wa 1992 watafiti walieleza saratani ya utumbo mpana ambamo kipande kama hicho kilikuwa kimeingia ndani ya jeni inayozuia uvimbe na kuiharibu. Tena imeonekana, katika mihindi na katika wanyama, kwamba RNA ndogo ni miongoni mwa walinzi wanaovinyamazisha vipande hivyo. McClintock alikuwa ameona kwa macho yake vipande vikilala kwa vizazi kisha vikaamka. Hakujua RNA hizo, wala tusimpe ugunduzi usio wake. Lakini kulala na kuamka alikuwa amekuandika kwa uangalifu, wengine wakaweza kutafuta sababu.

Matumizi darasani

Mwalimu wa shule ya msingi hana haja ya kuwafundisha watoto habari za let-7. Ana haja ya kuwafundisha kuona. Tunapendekeza hatua zifuatazo kwa darasa la juu.

Mwalimu na awaombe wanafunzi walete mahindi makavu ya aina mbalimbali kutoka nyumbani, yawe meupe, ya njano au ya mchanganyiko. Wasilete mbegu za dukani zilizopakwa dawa, kwa kuwa ni sumu. Kila kundi lipewe hindi moja, lichore mstari mmoja wa punje jinsi zilivyo, kisha lihesabu punje za kila rangi na kuziandika katika jedwali. Aghalabu katika hindi jeupe zitaonekana punje chache za njano. Kabla ya kueleza lolote, mwalimu aulize: punje hizi zimetoka wapi? Wengine watasema ni ugonjwa, wengine ni mbegu mbaya. Majibu yote yaandikwe ubaoni. Kisha kila kundi lieleze lingefanya nini ili kujua jibu lipi ni la kweli. Mtoto ambaye shamba la nyumbani kwao limepakana na shamba la mahindi ya njano huenda akafika mwenyewe kwenye habari ya chavua iliyoletwa na upepo. Punje ya madoadoa ikipatikana, isitupwe. Lakini mwalimu asikimbilie kusema ni kipande kinachohama, kwa kuwa ukungu na wadudu nao hutia madoa. Achunguze kwanza, kama alivyofanya McClintock.

Katika maandalio ya somo, mwalimu aukumbuke mkutano wa 1951. Aanze na kinachojulikana. Neno jipya lije moja moja, tena lije baada ya kitu chenyewe kuonekana. Darasa likinyamaza, asidhani kwamba limeelewa.

Tena aukumbuke kwa upande wa pili, upande wa wale waliokuwa wamekaa vitini. Mwanafunzi anapotoa jibu lisilofanana na la kitabu, mwalimu mvivu hulikata na kumwita mwingine. Mwalimu mwema humwuliza ameona nini hata akasema hivyo. Mara nyingi mtoto atakuwa amekosea, na swali hilo litamsaidia kuligundua kosa lake mwenyewe. Mara chache atakuwa ameona kitu ambacho mwalimu hakukiona. McClintock alikuwa na sifa, cheo na shamba la kumwezesha kusubiri miaka 35. Mtoto wa darasa la tano hana akiba hiyo. Akinyamazishwa mara tatu, hatainua mkono tena.

Maswali ya kujadili

1. Kwa kutumia mfano usiokuwa wa kitabu, waeleze wanafunzi wenzako jinsi seli zenye maagizo yale yale zinavyoweza kufanya kazi tofauti.

2. Zitaje sababu zilizofanya mhadhara wa 1951 usieleweke. Ni ipi kati ya hizo umeiona ikitokea katika mazoezi ya kufundisha?

3. Andaa somo la dakika 40 kwa kutumia hindi moja kwa kila kundi la wanafunzi watano. Onyesha ni wakati gani mwalimu atanyamaza na kuwaacha wanafunzi watazame.